Somo kwa Wajasiriamali: Kuboresha Wasifu wa Biashara Ndogo katika Mitandao ya Kijamii

Utangulizi

Asali ya Sikonge na ya wilaya nyingine za mkoa wa Tabora hurinwa katika misitu ya miombo, huchujwa, na nyingi huondoka vijijini ikiwa katika ndoo za lita 20. Mnunuzi wa jumla huigawa katika chupa, hubandika lebo yenye jina lake na kumuuzia mlaji wa mjini. Ndoo moja ya lita 20 hujaza chupa 40 za nusu lita. Tofauti kati ya bei ya ndoo na bei ya chupa 40 ndiyo faida ambayo mfugaji nyuki huiona ikipita mbele ya macho yake bila kuigusa.

Vikundi vingi vya wajasiriamali sasa vina vifungashio, vina simu janja, na vimefungua kurasa katika Facebook, Instagram na WhatsApp Business ili kumfikia mlaji moja kwa moja. Hata hivyo, kufungua ukurasa ni jambo moja, na kuaminiwa na mtu aliye umbali wa mamia ya kilomita ni jambo jingine. Mteja wa Dar es Salaam au Mwanza hawezi kuonja asali kwa kidole kabla ya kutoa fedha yake. Anachokiona ni wasifu tu, yaani jina, picha, maelezo mafupi, orodha ya bidhaa na namna anavyojibiwa.

Somo hili linaeleza namna ya kuuboresha wasifu huo hatua kwa hatua. Mfano unaotumika ni kikundi cha wasindikaji asali, ila kanuni zake zinamfaa pia mshona nguo, fundi seremala, mama lishe, mkamuaji wa mafuta ya alizeti na mfugaji wa kuku. Baada ya kulisoma, mjasiriamali ataweza kuandika utambulisho ulio wazi, kupanga orodha ya bidhaa yenye bei na vipimo sahihi, kulinda akaunti ya biashara yake, na kupima kama juhudi zake zinazaa matunda.

Hatua ya kwanza: Jina moja kila mahali

Kosa linaloonekana mara nyingi ni biashara moja kuwa na majina matatu. Ukurasa wa Facebook una jina la mwenyekiti wa kikundi, lebo ya chupa ina jina la kikundi, na mteja anapotuma fedha hutokea jina la mtu wa tatu asiyemfahamu. Mteja mwenye busara husita hapo hapo, kwa kuwa ndivyo matapeli wanavyofanya kazi.

Dawa yake ni kuchagua jina moja na kulitumia kwenye ukurasa, kwenye lebo, kwenye risiti na kwenye malipo. Jina hilo liwe fupi, litamkike kwa urahisi, na lisifanane na la biashara nyingine. Kabla ya kuchapisha lebo elfu moja, ni vyema kulisajili jina hilo kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA. Maombi hufanyika kwa njia ya mtandao, na mwombaji huhitaji kuwa na namba ya Kitambulisho cha Taifa. Msajili akikuta jina hilo lina mwenyewe, kikundi kitakuwa kimeokoa gharama ya lebo ambazo zingetupwa.

Upande wa malipo, namba ya kulipia ya mfanyabiashara, ambayo wengi huiita Lipa Namba, ina faida kwamba mlipaji huona jina la biashara kabla ya kuthibitisha. Kikundi ambacho bado hakijaipata namba hiyo kinapaswa kuandika wazi katika wasifu jina litakalotokea, kwa mfano: “Malipo yanapokelewa na mweka hazina wa kikundi, jina litakalotokea ni hili.” Sentensi moja ya namna hiyo huondoa shaka ambayo ingemfukuza mteja.

Hatua ya pili: Picha ya utambulisho

Picha ya utambulisho huonekana ndani ya kiduara kidogo kisichozidi upana wa kidole gumba. Nembo yenye maneno kumi, mizinga mitatu na ua la alizeti haisomeki katika nafasi hiyo. Inafaa zaidi kuweka nembo yenye umbo moja, au picha ya chupa moja iliyopigwa karibu mbele ya ukuta usio na mapambo. Picha ya mtoto, ya msanii au ya kiongozi haifai kuwa utambulisho wa biashara, hata kama inapendeza, kwa kuwa haimwambii mteja kinachouzwa.

Picha hiyo ikishachaguliwa isibadilishwe ovyo. Mteja aliyenunua mwezi wa tatu huitafuta kwa macho mwezi wa tisa, naye akiikosa hudhani biashara imekufa.

Hatua ya tatu: Maelezo mafupi

Instagram inaruhusu maelezo ya utambulisho yasiyozidi herufi 150, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Ufinyu huo ni msaada, maana unamlazimisha mwandishi kuchagua. Maelezo mazuri hujibu maswali matano ya mteja: Ni bidhaa gani? Inatoka wapi? Inauzwa kwa kipimo gani? Inapatikana lini na kwa njia gani? Nifanye nini ili niagize?

Haya ni maelezo ya mfano ambayo hayajibu swali hata moja kati ya hayo: “Karibuni sana wateja wetu wapendwa. Ubora ni fahari yetu. Mungu kwanza. Tunajali afya yako.” Ni maneno ya heri, lakini yanaweza kuwekwa kwenye duka la viatu, saluni au ghala la saruji bila kubadilishwa neno.

Haya yafuatayo yanajibu yote matano, nayo hayafiki herufi 150: “Asali ya miombo, Sikonge, Tabora. Ujazo: nusu lita na lita 1. Kazi Jumatatu–Jumamosi, saa 2–11. Tunatuma mikoani kwa basi. Kuagiza: gusa kiungo.”

Katika maelezo ya pili hakuna sifa hata moja iliyotajwa, kama vile “bora” au “namba moja”. Mahali, kipimo na saa za kazi ni mambo yanayoweza kuthibitishwa, na mteja huamini zaidi jambo analoweza kulithibitisha. Kiungo kinachotajwa ni kile kinachompeleka mteja moja kwa moja kwenye mazungumzo ya WhatsApp bila kulazimika kunakili namba ya simu.

Hatua ya nne: Orodha ya bidhaa, vipimo na bei

WhatsApp Business, programu isiyolipiwa iliyoanza kutolewa mwaka 2018, ina sehemu ya katalogi ambamo mfanyabiashara huorodhesha bidhaa, kila moja na picha, maelezo na bei yake. Kwa biashara ndogo, bidhaa tano zilizoelezwa vizuri zinatosha kuanzia.

Kila bidhaa katika orodha iwe na mambo manne: jina, kipimo, bei, na muda ambao mteja atasubiri. Kipimo kinahitaji uangalifu wa pekee kwa wauzaji wa asali. Asali ni nzito kuliko maji, na lita moja ya asali ina uzito wa takribani kilo 1.4. Kwa sababu hiyo, anayeuza kwa lita na anayeuza kwa kilo hawalinganishwi kwa kutazama bei peke yake. Kwa mfano wa hesabu tu, lita moja ikiuzwa shilingi 14,000, bei ya kilo moja ni takribani shilingi 10,000. Jirani anayetangaza “kilo moja shilingi 11,000” ataonekana nafuu kwa shilingi 3,000, ilhali kwa hakika yeye ndiye ghali. Kikundi kinachoandika “lita 1 (takribani kilo 1.4)” hujilinda na hasara ya kuonekana ghali bila kuwa ghali.

Desturi ya kuficha bei na kuandika “bei njoo inboksi” inapaswa kuachwa. Wapo wanaoitetea kwa hoja kwamba washindani wataona bei zao. Ukweli ni kwamba mshindani anaweza kuuliza bei kama mteja yeyote na akajibiwa. Anayezuiwa hasa ni mnunuzi mwenye haya, au mwenye shughuli nyingi, ambaye hataki kuanza mazungumzo ili tu agundue kwamba bei iko nje ya uwezo wake. Kama bei hubadilika kwa msimu, iandikwe pamoja na tarehe: “Bei ya mwezi huu.” Gharama ya usafiri nayo itajwe kando, ili mteja asidhani ameongezewa bei mwishoni.

Hatua ya tano: Picha za bidhaa

Simu ya kawaida inatosha kupiga picha ya kuuza, mradi mpigaji azingatie mwanga. Mwanga wa asubuhi au wa alasiri, karibu na dirisha au chini ya kivuli cha baraza, huonyesha rangi halisi ya asali. Jua la saa sita hutia vivuli vikali, na taa ya umeme ya usiku hugeuza rangi ikawa ya njano isiyo ya kweli. Lenzi ya simu ifutwe kwa kitambaa safi kwanza, kwa kuwa simu iliyokaa mfukoni huwa na ukungu wa jasho na vumbi.

Picha nne zinatosha kwa bidhaa moja: ya chupa nzima kwa mbele, ya lebo inayosomeka, ya chupa ikiwa mkononi ili ukubwa wake uonekane, na ya kazi yenyewe, kama vile urinaji, uchujaji au ujazaji. Hiyo ya nne ndiyo mchuuzi wa mjini hawezi kuwa nayo. Mtu anayeona masega yakitolewa mzingani na mikono safi ikichuja huelewa kwamba anazungumza na mzalishaji.

Picha za biashara nyingine zisichukuliwe na kuwekwa kana kwamba ni za kikundi. Mteja akipokea chupa tofauti na aliyoiona, ana haki ya kuhisi ametapeliwa. Vilevile, picha ya mteja au ya mazungumzo yake isichapishwe bila ridhaa yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inalinda taarifa za mtu, zikiwemo jina, namba ya simu na picha yake. Kikundi kinachotaka kuonyesha shukrani za mteja kimwombe ruhusa kwa maandishi na kifiche namba yake ya simu.

Hatua ya sita: Kusema kweli, na kweli tupu

Mitandaoni asali husemwa kwamba inatibu kisukari, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume na mengine mengi. Msindikaji anayejali jina lake hapaswi kuandika maneno hayo. Asali ni chakula, na sehemu yake kubwa ni sukari. Mgonjwa wa kisukari anayeacha dawa zake kwa sababu ya tangazo anaweza kupoteza maisha. Zaidi ya hapo, kuchapisha mtandaoni taarifa za uongo kunaweza kuwa kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Kuna tahadhari moja ya afya ambayo inastahili kuwemo katika wasifu na kwenye lebo: mtoto aliye chini ya umri wa mwaka 1 hapaswi kulishwa asali, kwa sababu inaweza kuwa na vimelea ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvidhibiti. Wauzaji wengine huogopa kwamba tahadhari itafukuza wateja. Kinyume chake, mama anayeiona hutambua kwamba anashughulika na watu wanaoijua bidhaa yao.

Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, iwekwe kwenye picha na lebo pale tu ambapo leseni ya kuitumia imekwisha kutolewa. Kikundi kilicho bado katika mchakato kisiweke alama hiyo kwa matumaini. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mikoani, na ni mahali pazuri pa kuanzia kwa anayetaka ushauri wa usindikaji, ufungashaji na namna ya kuiendea TBS.

Hatua ya saba: Kumjibu mteja

Wasifu mzuri humleta mteja hadi mlangoni, na majibu ndiyo humwingiza ndani. WhatsApp Business ina ujumbe wa makaribisho unaojituma wenyewe, ujumbe wa kumjulisha mteja kwamba ofisi imefungwa, na majibu ya haraka yanayohifadhiwa ili yasiandikwe upya kila mara. Nyenzo hizo zitumike kwa kiasi. Mteja aliyeuliza swali mahususi akajibiwa kwa ujumbe ule ule mara tatu hujiona anazungumza na ukuta.

Malalamiko ndiyo mtihani mkubwa. Kwa wauza asali, lalamiko lililozoeleka ni la asali iliyoganda. Mteja huona chenga nyeupe chini ya chupa na kuamua kwamba amewekewa sukari, kisha huandika hadharani kwenye ukurasa. Jibu la hasira, au kulifuta lalamiko, huwathibitishia wasomaji wote kwamba kuna jambo linalofichwa. Jibu linalofaa huwa na salamu, pole, maelezo na suluhisho, kwa mpangilio huo. Mfano wake ni huu:

“Habari za asubuhi, mama. Pole kwa usumbufu, na asante kwa kutuambia. Asali halisi huganda, hasa wakati wa baridi, kwa sababu sehemu ya sukari yake ya asili hujitenga na kufanya chenga. Tafadhali weka chupa ikiwa imefungwa ndani ya maji ya uvuguvugu, yasiyozidi nyuzi joto 40, na usiichemshe. Itarudi kuwa laini. Ikiwa bado hutaridhika, tutakurudishia fedha yako au kukutumia chupa nyingine.”

Jibu hilo linasomwa na mlalamikaji mmoja na pengine wateja mia wanaotazama kimya. Kwa sababu lalamiko hilo hujirudia, maelezo ya kuganda yawekwe mapema kama chapisho la kudumu juu kabisa ya ukurasa. Kila biashara ina “kuganda” kwake: mshona nguo ana vitambaa vinavyochuja rangi, na fundi seremala ana mbao zinazopinda. Anayelieleza jambo hilo kabla ya kuulizwa hupunguza ugomvi kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, kusisitiza kwamba asali halisi huganda kusigeuzwe kuwa kipimo cha kutangaza ya wengine kuwa bandia. Zipo asali halisi zinazochelewa sana kuganda, kutegemea maua ambayo nyuki wameyatembelea.

Hatua ya nane: Umiliki na usalama wa akaunti

Hili ndilo eneo ambalo vikundi hupata hasara kubwa bila kutarajia. Akaunti hufunguliwa kwa simu na laini ya mwanakikundi mmoja, kwa kawaida kijana anayejua mitandao. Laini za simu nchini husajiliwa kwa alama za vidole, hivyo laini ni ya huyo aliyeisajili. Kijana huyo akihamia mjini, akiolewa mbali, akikosana na wenzake au akipoteza simu, ukurasa wenye wateja waliokusanywa kwa miaka miwili huondoka pamoja naye. Kikundi hubaki na ndoo zake kama mwanzo.

Ili kuepuka hali hiyo, kikundi kifanye mambo matano. Kwanza, laini ya biashara iwe tofauti na laini ya mtu binafsi, na uamuzi wa nani aisajili uandikwe katika muhtasari wa kikao. Pili, ukurasa wa Facebook uwe na wasimamizi wasiopungua wawili. Tatu, barua pepe ya kurejeshea akaunti iwe ya kikundi, na nywila yake itunzwe na viongozi wawili katika bahasha iliyofungwa. Nne, uthibitisho wa hatua mbili uwashwe. Katika WhatsApp, uthibitisho huo ni namba ya siri yenye tarakimu 6 ambayo mwizi hataweza kuikisia kwa urahisi hata akiipata laini. Tano, anayeondoka katika uongozi akabidhi akaunti kwa maandishi, kama anavyokabidhi daftari la fedha na mihuri.

Tahadhari nyingine ni kuhusu malipo. Ujumbe mfupi unaodai kwamba fedha imeingia hauwi ushahidi hadi salio litazamwe kupitia menyu rasmi ya mtandao husika. Wapo wanaotuma ujumbe wa kughushi, kisha wakapiga simu kwa haraka wakiomba mzigo upelekwe stendi basi lisije likaondoka. Haraka hiyo yenyewe ni dalili. Vilevile, namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu asipewe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa mfanyakazi wa kampuni ya simu. Namba zinazotumika kwa utapeli huripotiwa kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, utaratibu uliowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Mwananchi pia anaweza kupiga *106# ili kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Hatua ya tisa: Kupima matokeo

Wafuasi wengi si wateja wengi. Ukurasa wenye wafuasi 300 unaouza chupa 20 kwa mwezi una manufaa kuliko wenye wafuasi 9,000 wasionunua. Kwa sababu hiyo, kununua wafuasi au “vipendwa” ni kutupa fedha, kwa kuwa wafuasi hao hawali asali.

Kipimo kinachofaa ni daftari la safu nne: tarehe, waliouliza, walionunua, na walikopata habari. Safu ya nne hujazwa kwa kumuuliza kila mnunuzi swali moja la upole: “Umetufahamu kupitia wapi?” Baada ya mwezi, kikundi kitazame uwiano. Walioulizia wakiwa wengi na walionunua wakiwa wachache, tatizo liko kwenye bei, usafiri au majibu. Walioulizia wakiwa wachache tangu mwanzo, tatizo liko kwenye wasifu au machapisho. Bila daftari, kikundi hubahatisha, na huenda kikapunguza bei wakati kilichohitajika ni kujibu kwa wakati.

Gharama nazo ziingizwe: bando la intaneti, vifungashio, lebo, nauli ya mzigo na chupa zilizovunjika njiani. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa vikundi vilivyopata mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 hutengwa kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba, lakini marejesho yapo, na marejesho ya kikundi kimoja ndiyo mtaji wa kikundi kinachosubiri zamu. Mauzo ya mtandaoni yanayopendeza kwenye simu bila kuacha faida kwenye daftari hayatalipa deni.

Zoezi la wiki nne

Wiki ya kwanza: Kikundi kikutane, kichague jina moja, na kilinganishe jina hilo na lililo kwenye ukurasa, kwenye lebo na kwenye malipo. Kiandike maelezo mafupi yasiyozidi herufi 150, kisha kimpe mtu asiye mwanakikundi ayasome na kujibu maswali matano yaliyotajwa katika hatua ya tatu. Akishindwa kujibu moja, maelezo yaandikwe upya.

Wiki ya pili: Zipigwe picha nne za kila bidhaa na kupangwa katalogi yenye kipimo, bei na muda wa kusubiri.

Wiki ya tatu: Uwashwe uthibitisho wa hatua mbili, waongezwe wasimamizi, na uandikwe muhtasari wa kikao kuhusu umiliki wa akaunti. Yaandaliwe majibu ya maswali matatu yanayojirudia zaidi.

Wiki ya nne: Lianzishwe daftari la safu nne. Kikao kinachofuata kianze kwa kulisoma.

Mahali pa kupata msaada

Mjasiriamali anayekwama katika hatua yoyote anaweza kufika kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata yake, ambaye ndiye mlango wa kwanza kwa masuala ya vikundi na mikopo. Masuala ya leseni na usajili wa biashara hushughulikiwa na Ofisi ya Biashara katika makao makuu ya halmashauri. Wafugaji nyuki wanaotaka kuboresha urinaji, uchujaji na uhifadhi wa asali wamwone Afisa Nyuki. Afikapo ofisini, inafaa mjasiriamali awe na kitambulisho, muhtasari wa kikao kilichoamua jambo analolifuatia, na daftari la mauzo. Kikundi chenye daftari huhudumiwa kwa haraka zaidi, kwa kuwa afisa huona tatizo liliko bila kuuliza maswali mengi.

Chema chajiuza, wahenga walisema, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ilitungwa kwa soko ambalo mnunuzi huona, hushika na kuonja. Katika soko la simu, hata chema huhitaji kutambulishwa kwa jina sahihi, kipimo sahihi na maneno ya kweli, ili faida ya chupa zile 40 irudi kwa aliyerina asali.